Mazutu ya Kampuni

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga katika kampuni moja iliyokuwa na kiwanda mjini Kindu, upande wa stesheni, si mbali na bandari. Tuliishi ndani ya ua wa kampuni, katika nyumba ya matofali yenye vyumba viwili, na watu wa mtaa walituita "watu wa mashini". Lilikuwa jina la heshima. Mtu wa mashini alikula wali hata mwezi wa njaa.

Vita vilipokaribia, mkurugenzi aliondoka kwa ndege. Kabla ya kwenda uwanjani alimwita baba barazani, akampa ufunguo wa lango, wa kiwanda na wa ghala lililokuwa na mapipa ya mazutu, mafuta ya kuendeshea injini. Nilikuwa nikipita na ndoo ya maji, nikasikia maneno yao.

"Usifungulie muntu," mkurugenzi alisema. "Mimi narudi kisha juma mbili."

"Ndiyo, mukubwa," baba akajibu.

Yule hatukumwona tena.

Nilikuwa na miaka ishirini, nikifundisha darasa la pili katika shule ambayo watoto walipungua kila juma. Treni ziliacha kuja. Chumvi ikauzwa kwa kijiko. Mpunga ulikuwa ukitoka upande wa Kailo kwa baiskeli, ukavushwa mto kwa mitumbwi. Sasa njia ilikuwa na watu wenye bunduki, na wenye mashamba waliogopa hata kwenda kuvuna. Mashine yetu ikanyamaza kwa kukosa cha kukoboa. Baba aliendelea kuipaka grisi kila Jumatatu, akafuta vumbi, akafunga mlango. Mama alimwambia anamwosha maiti.

Asubuhi moja daktari wa hospitali alikuja langoni kwa miguu. Alikuwa mtu mrefu, suruali yake imefungwa kiunoni kwa kamba, maana sote tulikuwa tumekonda. Baba alimtolea kiti nje ya lango, si ndani.

"Papa fundi, nimesikia muko na mazutu," daktari akasema.

"Iko ya kampuni."

"Najua. Jenereta yetu imezimika tangu juzi. Kule iko mama moja, mutoto amekwama tumboni. Kwa mwangaza wa dirisha naweza kuona kidogo, lakini chombo cha kuchemshia vyuma hakifanye kazi. Siwezi kumupasua na vyuma vichafu."

Baba akauliza swali la kifundi: jenereta hiyo inakunywa kiasi gani kwa saa moja? Daktari hakujua. Baba akasema hata yeye angependa kujua, kwa sababu injini inayokunywa sana ina ugonjwa. Akaingia ndani, akatoka na ufunguo wa ghala, akajaza kibuyu cha plastiki cha rangi ya njano. Daktari aliubeba mzigo ule mwenyewe hadi hospitalini.

Yule mama alipona. Mtoto hakupona. Daktari alituletea habari hiyo siku ya pili, alipokuja kuomba tena, akaisema taratibu kama mtu anayetoa ripoti. Safari hiyo baba alimkaribisha ndani ya ua.

Baada ya hapo hospitali haikutuma mtu. Tulipeleka sisi, maana wanaume waliokutwa na mafuta barabarani walipigwa na kunyang'anywa. Kazi ikawa yangu. Niliweka kibuyu ndani ya kikapu kikubwa, nikafunika kwa sombe, majani ya mihogo, nikabeba kichwani. Shingo iliniuma kiasi kwamba darasani nilikuwa nikiandika ubaoni bila kuinua uso.

Nilikamatwa mara moja tu. Karibu na soko kulikuwa na kizuizi, gogo limelazwa juu ya mawe mawili, na askari wawili wamekaa. Mmoja wao alinusa hewa.

"Iko nini mule?"

"Ni sombe."

"Sombe inanuka mazutu?"

Sikuwa nimeandaa uongo wa pili. Nikamwambia ni ya hospitali, ya chumba cha upasuaji. Nikaongeza kwamba mwenzao aliyepigwa risasi ya paja alipasuliwa kwa umeme wa mazutu haya haya. Sikujua kama ni kweli. Nilijua tu kwamba hapakosekani askari mwenye risasi ya paja.

Wakaangaliana. Yule aliyenusa akachukua chupa ya bia, akaijaza kutoka kibuyuni, akarudisha kifuniko vizuri na kupanga majani kama nilivyokuwa nimeyapanga.

"Pita," akasema. "Na kesho upite njia ingine. Kesho hatuko sisi hapa."

Nilipomweleza baba, alitaka kujua kama kifuniko kilikazwa.

Mapipa yalikwisha kabla ya vita kwisha. Pipa la mwisho baba aliliinamisha, akakinga mpaka tone likakatika, kisha akafagia ghala na kulifunga. Nilimuuliza atawaambia nini wenye mali wakirudi. Akasema atawaambia yamekwenda wapi.

Walirudi, na mkurugenzi mwingine. Mji ulikuwa umejaa watu waliokuwa wameachiwa funguo, na karibu wote walitoa maelezo mamoja: askari walivunja, askari walibeba. Waliaminiwa, kwa kuwa mara nyingi ilikuwa kweli. Jirani yetu, mlinzi wa ghala lingine, alikuja kumshauri baba aseme hivyo hivyo.

"Askari hawakuingia humu," baba akamjibu.

"Nani atajua?"

"Mulango iko muzima. Nitavunja mulango nilioutunza miaka yote hii?"

Alimweleza mkurugenzi mpya jambo lote kama lilivyokuwa. Baada ya siku chache alipewa barua ya ukurasa mmoja, kwa Kifaransa. Nilimsomea. Alikuwa amefukuzwa kazi kwa kutoa mali ya kampuni bila ruhusa na kuvunja uaminifu. Nyumba aiache kabla ya mwisho wa mwezi. Mama alilia jikoni. Baba aliniomba nirudie neno lililomaanisha uaminifu, nikarudia. Akaikunja barua, akaiweka ndani ya Biblia.

Tulihamia Alunguli, ng'ambo ya mto. Vitu vyetu vilivuka kwa mtumbwi mmoja, kitanda kikiwa juu na mama ameshika miguu yake kisizame. Baba akaanza kutengeneza mashine ndogo za kusaga mihogo za akina mama wa soko. Mama akalima mchicha. Mimi niliolewa, nikazaa, nikabaki mwalimu. Tulizungumza kuhusu mazutu mara chache sana, na daktari alipokutana na baba kivukoni walisalimiana tu kama watu waliowahi kusali kanisa moja.

Miaka mingi ikapita. Kampuni ikanunuliwa na watu wengine, na watu hao wakataka ardhi upande wa Kailo ili walime mpunga wenyewe. Vijiji havikupenda. Kampuni ikaleta kutoka Kinshasa mwanamke kijana ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na wananchi na kueleza kampuni inawarudishia nini. Aliandaa mkutano mjini, akauliza kama kuna mtu anayekumbuka jambo jema ambalo kampuni iliwahi kufanya. Yule daktari, ambaye sasa alikuwa mzee na amestaafu, akasimama na kusema kwamba wakati wa vita chumba cha upasuaji kilipata umeme kwa mazutu ya kampuni.

Siku mbili baadaye mwanamke huyo alifika kwetu Alunguli kwa pikipiki, na mpiga picha nyuma yake. Alikuwa na adabu. Alivua viatu mlangoni ingawa hatukumwomba. Alisema Kifaransa na Lingala. Kifaransa cha baba kilikuwa majina ya vyuma tu. Nikawa mkalimani.

"Mwulize," aliniambia, "alifikia vipi uamuzi wa kutoa msaada ule."

Nikauliza.

"Umuambie niliiba," baba akasema.

"Baba, hakuuliza hivyo."

"Umuambie. Muntu anapeana kitu yake. Ile haikukuwa yangu, nikaitoa bila kuuliza mwenyewe. Njo kuiba, ndiyo jina yake. Barua yao ilisema vile, na barua haikukosea."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mwanamke akaacha kuandika. Akaniomba nimuulize kama mkurugenzi wa zamani, kabla ya kuondoka, alimwagiza awasaidie watu.

"Alisema nisifungulie muntu," baba akasema.

"Labda baadaye, kwa simu?"

"Simu iko wapi wakati ule?"

Hilo pia nilitafsiri. Aliangalia daftari lake, kisha akauliza kama yeye angeweza kumfanyia baba jambo lolote. Baba akaenda chumbani, akarudi na ile barua. Alisema hataki kazi, amezeeka. Anataka kampuni iandike barua nyingine ya kusema kwamba ile ya kwanza imefutwa.

"Lakini amekubali kwamba barua ilisema kweli," mwanamke akaniambia.

Nikamtafsiria baba. Akatikisa kichwa.

"Ilisema kweli kwa kuiba. Kwa uaminifu, hapana."

Mwanamke akaipiga barua picha kwa simu yake na kuahidi kuituma Kinshasa.

Kijitabu cha kampuni kilitoka baada ya miezi michache, karatasi nzuri inayong'aa. Baba alikuwemo, mkono umewekwa juu ya mashine mpya ya kiwandani, ambayo hakuwahi kuigusa kabla ya siku walipompeleka huko kumpiga picha. Chini yake palikuwa na maneno niliyomgeuzia kwa Kiswahili: hata katika miaka migumu ya vita, kampuni haikuiacha hospitali ya Kindu gizani.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Kampuni njo nani?"

Nilimwambia ni wenye mali, wakurugenzi, wafanyakazi, sijui.

"Basi wakati ule kampuni ilikuwa mimi," akasema. "Na mama yako. Na wewe na kile kikapu."

Mimi nilikasirika kwa majuma kadhaa. Nilitunga barua kichwani nikiwa darasani. Yeye hakuonyesha hasira. Kampuni, baada ya kujisifu hivyo, ilionekana kuona haya ya kuishia kwenye karatasi, ikaiwekea hospitali paneli za jua kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Siku ya kuzipokea baba alialikwa, akakalishwa safu ya tatu. Hotuba zilipokwisha alimfuata fundi aliyezifunga na kumuuliza betri zikichoka nani ataleta nyingine. Fundi akasema zina dhamana. Baba akauliza dhamana inakwisha lini, na fundi akacheka, akamwelekeza ofisini. Paneli zinafanya kazi hadi leo. Wanawake wanapasuliwa pale na wanatoka na watoto wao. Hilo ni kweli, na sijui niliweke upande gani wa habari hii.

Jibu la barua lilichelewa. Lilipofika lilikuwa fupi: kampuni imetafuta katika faili zake na haikuona barua yoyote ya kumfukuza baba kazi, kwa hiyo hakuna cha kufuta. Walimtakia afya njema.

Nilimsomea mara mbili. Aliuliza kama inafaa tujibu. Nikamuuliza tuseme nini.

Akaitoa ile ya kwanza ndani ya Biblia, akaikunja pamoja na hii mpya. Kisha akanipa barua zote mbili nimshikie na kutoka nje, kwa sababu mama mmoja wa soko alikuwa amesimama uani na mkanda wa mashine uliokatika.