Mchezo Mmoja, Bei Tatu

Mchezo mpya wa mpira wa kwenye mashine ni ghali Ubelgiji na nafuu Afrika Kusini, ukiununua mtandaoni. Hapa Kamina, Kongo, kwenye pesa kidogo kuliko kote, ndipo diski yake inapouzwa bei ya juu hadi inachekesha. Nimesoma uchumi Lubumbashi na bado sijaona aliyepanga hivyo. "Ni safari," watu hunijibu. Sawa, diski ilisafiri. Lakini mchezo wa mtandaoni haupandi treni. Mbona nao una mipaka?

Swali hilo lilikuwa la starehe tu, mpaka kaka yangu mwenye chumba cha michezo karibu na stesheni alipotangaza mashindano ya Jumamosi kwa mchezo huo, ambao hakuwa nao. Vijana walikwisha kulipa kiingilio. Wangeukosa, wangehamia chumba cha jirani na wasingerudi.

Mke wa mwanajeshi mmoja kambini, anayeuza samaki wa kukausha na diski zinazotoka Kinshasa, alikuwa nao. Kaka aliposikia bei alicheka. Mimi nikamwomba mwenzangu wa chuo aliyeko Afrika Kusini atununulie kadi ya duka la mtandaoni, akanitumia namba za kadi hiyo. Duka likazikataa: kadi ya nchi moja haiingii kwenye akaunti ya nchi nyingine.

"Yaya," nikamwuliza kaka, "mu akaunti uliandika inchi gani?"

"Belgique."

"Juu ya sababu gani Belgique?"

"Congo haiko mu liste. Na nonko yetu, ndugu ya mama, anaishi kule. Ulitaka niandike kwa bantu tusiojua?"

Sikuweza kumcheka. Nusu ya wachezaji wa Kamina wamejiandikisha hivyo, kila mmoja nyumbani kwa ndugu yake. Ninachouliza mimi ni kwa nini orodha ile imetusahau sisi na haikusahau visiwa ambavyo sijawahi kuvisikia.

Tukafungua akaunti nyingine, safari hii tukawa wenyeji wa Afrika Kusini, na namba zikakubaliwa. Mchezo ukaanza kushuka tone kwa tone, ukila mega za intaneti kama mgeni asiyejua kuaga. Kufikia Ijumaa gharama ya mega ilikuwa imekula unafuu wote, na mchezo haukuwa umefika nusu.

Tulienda kambini kwa heshima zote.

"Mama, tumekuya kwa ile disque."

"Mulicheka beyi yangu."

"Ni huyu mudogo njo alicheka," kaka akasema, akinisukuma mbele.

Mama aligeuza samaki wake kwanza. "Sitauzisha tena. Kesho nitakuya nayo minyi mwenyewe, na nitauzisha samaki ndani ya chumba yako."

Jumamosi chumba kilijaa, kikanuka ziwa zima. Mama alikaa kando ya mashine. Goli likifungwa, vijana walirukaruka. Yeye aliuliza nani ana njaa. Katikati ya fainali alifunga kikapu, akanyoosha mkono kwenye mashine atoe diski yake.

"Mama! Dakika kumi tu!"

"Nikae juu ya sababu gani? Imebaki kichwa moja ya samaki tu, na hakuna mwenye kuitaka."

Kaka akakinunua kichwa hicho bila kuuliza bei. Mama akakaa.