Maganda ya Korosho Jikoni kwa Mama

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Wanangu walipokuwa wadogo walikuwa wanasikiliza kwanza ninavyotua sufuria chini, ndipo wajue kama leo kuna cha kuomba au wanyamaze. Kwa hiyo nikisema wiki ile kule Mkunya, Newala, nilijizuia, naomba mniamini. Nilijizuia mpaka meno yakaniuma.

Binti yangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Mtoto wa kiume, mdogo, ukimbeba unaogopa hata kukohoa. Mimi naishi Masasi, nauza vitenge sokoni, nikataka nimuuguze mzazi kwangu, huku chini kwenye joto. Mama yangu akakataa katakata. Kitukuu chake cha kwanza, alelewe kwenye nyumba ya kupanga? "Kwani wewe nilikulelea wapi?" akaniuliza kwenye simu, akakata. Basi tukapanda juu, mimi, binti na kichanga, tukafika kwa mama.

Ilikuwa Julai. Asiyeijua Newala ya Julai atasema natia chumvi. Asubuhi ukungu unashuka mpaka huoni choo kilipo, na baridi yake haina adabu, inakufuata hadi ndani ya blanketi. Mama alikuwa ameshapanga kila kitu. Mzazi alale chumba kinachopakana na jiko, kwa sababu ukuta ule hupata joto. Mtoto asitolewe nje mpaka kitovu kidondoke, ndivyo tulivyolelewa wote. Na jiko lisizimwe.

Jiko lenyewe nilimjengea mimi mwaka uliopita, nilipochoka kumsikia akikohoa juu ya mafiga. Jiko la kuni, la matofali, lina mlango wa chuma, chini yake kitundu cha kuingiza hewa, na bomba refu la bati linalopanda hadi juu ya paa kutoa moshi. Fundi alipomaliza alimkalisha mama akamweleza vizuri. Kuni ziwe kavu, zikae chini ya paa, siyo uani. Bomba lisafishwe masizi kila mwezi kwa ufagio wa kamba. Na pale bomba linapotoboa paa ameacha nafasi, isizibwe na kitu kinachoungua, maana bomba huwa la moto. Mama akaitikia, "Eeh, eeh, baba, ahsante." Mama akiitikia haraka hivyo, ujue hakuna kilichoingia.

Asubuhi ya kwanza niliingia jikoni harufu ikanikaba koo. Mtu wa kwetu haulizi ile ni harufu ya nini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Mama, unachoma nini humu?"

"Kuni."

"Kuni zinanuka hivi?"

"Zimelowa ukungu. Nimezisaidia kidogo."

Gunia la maganda ya korosho lilikuwa pembeni, limeshafika nusu. Jamani! Maganda ya korosho yana mafuta makali, yakikudondokea yanababua ngozi. Ndiyo maana korosho tunazibangulia uani, na kila mtu anakaa mbali na moshi wake. Lakini moto wake unawaka wenyewe, huna haja ya kupuliza, na kwetu tumekua tukiwashia maganda tangu utotoni. Uani hayana neno, moshi unaenda zake. Kwenye bomba hauendi. Unaganda ndani, unakuwa mweusi, mzito kama lami, na ile lami bado ni mafuta, inangoja tu cheche. Mtu wa mkoa mwingine asingefanya kosa hili, atayatoa wapi maganda? Sisi tunayo magunia kwa magunia.

Nikaangalia bomba. Kwenye maungio lilikuwa linatoa machozi meusi. Nikainua macho juu, pale fundi alipoacha nafasi: mama ameshindilia viroba vya plastiki.

"Na hivi?"

"Baridi ilikuwa inapita hapo. Na popo."

"Mama, hili bomba litawaka."

Akacheka, akapiga na makofi. "Bati linawakaje? Umekaa sana Masasi wewe, umekuwa mwoga wa moto."

Nikavuta pumzi. Nikalibeba gunia nikalitupa nyuma ya choo. Nilipotoka kumsaidia binti kuoga, gunia lilikuwa limerudi jikoni. Hivyo ndivyo tulivyoishi siku zile. Mimi nasema jiko lizimwe lipoe, nipitishe ufagio kwenye bomba, nitoe viroba. Yeye anasema jiko likizimwa ukuta utapoa, na ukuta ukipoa mtoto atapigwa na baridi. Nikipandisha sauti, ananiambia nisimwamshe kichanga. Binti yangu kitandani anatuangalia tu, mkono juu ya mshono, anaogopa kumuunga mkono yeyote. Na jiko kila likivuma nilikuwa nasimama. Ninakula, nasimama. Nakunja nepi, nasimama. Nikipeleka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha mzazi, ulikuwa wa moto kuliko nilivyotaka. Nilikuwa naogopa, sikuwa na jina lingine la kuiita hali ile.

Mwishowe tukapatana. Kesho, baada ya chai, moto uachwe ufe wenyewe, mimi nisafishe, jioni uwashwe kwa kuni kavu nitakazonunua. Mama alikubali upesi mno. Ningekuwa na akili siku ile ningeshtuka.

Kesho yake nikatoka na ndoo kwenda kwenye bomba la maji, maana maji kwetu kule juu ni ya foleni. Ukungu ulikuwa umelala chini kabisa. Nimejaza ndoo, nimejitwisha, ninarudi, nikasikia mvumo. Nikadhani ni lori linapanda. Halafu nikaona ule mvumo hausogei. Nikatazama upande wa nyumbani, na ndani ya ukungu, juu ya paa la mama, kulikuwa na ulimi wa moto umesimama wima kwenye mdomo wa bomba, unarusha cheche.

Mungu wangu! Ndoo sijui niliitupa wapi. Nilikimbia na kanga mkononi.

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba mama, kwa kuwa jiko lingezimwa, alitaka ukuta ushibe joto la kutosha mpaka jioni. Akalijaza maganda mpaka mlango ukagoma kufunga.

Nilipoingia, jikoni bomba lilikuwa jekundu kuanzia chini hadi katikati, linavuma na kutetemeka. Juu, viroba vilikuwa vimeshashika, plastiki inadondoka chini ikiwaka, na boriti iliyo jirani inaanza kutoa moshi. Moshi mkali ulikuwa unapita juu ya ukuta, pale ambapo ukuta haujafika kwenye bati, unaingia chumba cha mzazi. Nikasikia binti anakohoa, anaita, "Mama! Mama!" Mtoto simsikii.

Na mlangoni kwa mzazi amesimama mama yangu, ameshika miimo yote miwili.

"Utazimika," akasema. "Maganda yakiisha utazimika."

"Mama, toka."

"Hatoki mtoto. Umeuona ukungu ule? Ukimtoa utamuua!"

"Mama, toka hapo!"

"Kitovu hakijadondoka!"

Sijawahi kumwinulia mama yangu mkono, wala kumjibu kwa jeuri, na hasira zangu zote hizi. Siku ile nilimshika mabega nikamsukuma akaenda kugonga ukuta. Sijutii, hata akifufuka marehemu baba aniulize nitamjibu hivyo hivyo.

Ndani, moshi ulikuwa umefika usawa wa kifua. Binti alikuwa ameteremka kitandani, amepiga magoti sakafuni, amemfunika mtoto kwa mwili wake, hawezi kunyanyuka kwa sababu ya mshono. Nikamtoa mtoto chini yake. Alikuwa amefumba mdomo, hatoi sauti. Nikampiga piga mgongo. Hakuna. Nikampiga tena, akakohoa kikohozi kidogo cha paka, akalia. Looh, sijasikia sauti tamu kama ile.

Lakini mikono yangu ilikuwa miwili tu, na binti naye alikuwa ananining'inia shingoni. Nikageuka. Mama alikuwa bado ukutani pale nilipomsukumia, kanga imemwanguka kichwani.

"Mshike," nikamwambia. "Nenda kwa jirani. Nenda sasa hivi!"

Akanitazama kidogo tu. Kisha akafungua gauni lake shingoni, akamchukua mtoto, akamtumbukiza ndani, ngozi kwa ngozi, akajizungushia kanga mara mbili, akatoka. Akaingia kwenye ukungu ule alioukataa, anatembea upesi, amejikunja juu ya kifua chake.

Nikamburuta binti hadi uani, nikamkalisha. Jirani, mwanamke wa makamo anayekaa ng'ambo ya njia, alikuwa anakuja mbio na ndoo ya maji. Akaingia jikoni anataka kulimwagia jiko. Nikapiga kelele mpaka akaruka. Maji juu ya chuma chekundu na mafuta yanayowaka? Yangeturukia usoni. Nikamwambia alete mchanga, na binti ampeleke kwake. Nikafunga kitundu cha hewa kwa teke. Mlango nikausukuma kwa gogo la kuni mpaka ukabana, nikachota udongo uani, nikaulowesha kwa maji yale ya ndoo, nikakandika kila ufa wa mlango kwa viganja. Udongo ulikuwa unachemka mikononi. Nikachukua mti wa kuangulia mapapai, nikavivuta viroba chini, nikavifukia kwa mchanga. Boriti nikaimwagia maji yaliyobaki kwa kopo, polepole, nikijiweka mbali na bomba. Halafu sikuwa na la kufanya ila kusimama na kusikiliza.

Moto ukikosa hewa unakasirika kwanza. Ulivuma, ukavuma, bomba likalia kwa vishindo vidogo vidogo. Nilikuwa namwomba Mungu kwa sauti. Kisha mvumo ukashuka, ukashuka tena, wekundu ukaanza kurudi chini. Ukuta ulikuwa umepasuka juu mpaka chini, upande ule ule wa kitanda cha mzazi. Mtu angeweza kupitisha kidole.

Ule ufa ndio ulionirudishia hasira. Nilivuka njia nikiwa na maneno yangu yote tayari. Ningemwambia mama kuhusu fundi, kuhusu gunia, kuhusu viroba, ningemwambia kwamba ubishi wake nusura utuzikishe watu wawili kwa mpigo. Nilikuwa nayasema kabisa njiani, peke yangu, kama mwehu.

Binti alikuwa amelala kwenye kitanda cha jirani, anapumua vizuri, mshono haukuachia. Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani. Mtoto alikuwa bado ndani ya gauni lake. Jirani akanionyesha kwa mkono kwamba amekataa kumpa mtu yeyote, hata mama yake mtoto.

"Mama," nikaanza, "nilikwambia..."

"Kabla yako alikuwepo mwingine," akasema.

Nikamsogelea.

"Wa kiume. Julai kama hii. Kuni zilikuwa zimelowa, moto ukafa, na mimi nilikuwa nimelala. Nilipoamka miguu yake ilikuwa ya baridi." Alikuwa anaongea na kanga, siyo na mimi. "Baba yako akasema tusimtaje tena. Basi hatukumtaja."

Mimi ni kifungua mimba. Maisha yangu yote nimeambiwa hivyo, kwenye harusi nimekaa nafasi hiyo, kwenye misiba nimetupa udongo wa kwanza kwa sababu hiyo. Nikakaa chini kando yake, na udongo na masizi yangu, nikalia bila kujificha.

Akaushika mkono wangu, akauingiza ndani ya kanga, mpaka vidole vyangu vikafika kwenye miguu ya mtoto.

"Ina joto?"

"Ina joto, mama."

"Siyo joto langu mimi hilo?"

"Ni lake mwenyewe."

"Shika tena," akasema. "Shika vizuri."