Majina Yalipotoka Hadharani

Epifania alizaliwa kijijini Mollo, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na ulezi. Alisomea kompyuta Mbeya, kisha akarudi Sumbawanga na kufungua ofisi ya chumba kimoja nyuma ya soko. Mshirika wake alikuwa Timoth, kijana wa mjini, mchapakazi lakini mwenye haraka. Walitengeneza tovuti za shule, za parokia na za wauza pembejeo.

Wafugaji waliohamia Kalambo kutoka Shinyanga walipochoka kuibiwa ng'ombe, waliwaomba tovuti ya kutolea taarifa za wezi. Sharti lao lilikuwa moja: jina la mtoa taarifa lisionekane. Mfumo wa kupanga kurasa ulikuwa na plagini yake, kijiprogramu kilichoonyesha jina kama lilivyoandikwa. Epifania aliandika ya kwake, akaipa jina lilelile, ila yake ilificha jina la mtu na kuandika "mfugaji" tu. Akaiweka kwenye folda ya pembeni, nje ya mfumo, na kuuelekeza mfumo uanze kutafuta humo.

Timoth hakupenda. Alisema folda mbili ni usumbufu, mfumo una folda yake ya plagini na kila kitu kikae humo. Epifania alimjibu kuwa ile ni nyumba ya wenyewe, waliotengeneza mfumo; siku toleo jipya likishushwa, watafagia kila kitu na kurudisha vyao. Alidhani wameelewana. Alipokwenda Mollo kumsaidia mama yake kuvuna, Timoth aliihamishia plagini ya Epifania ndani ya mfumo, juu ya ile ya awali, akaifuta folda ya pembeni. Mambo yalienda vizuri mpaka aliposhusha toleo jipya. Plagini ya awali ikarudi mahali pake, ya Epifania ikafutika. Hakuna hitilafu iliyoonekana. Kurasa zilifunguka kama kawaida, ila kila taarifa sasa ilikuwa na jina kamili la aliyeiandika.

Wa kwanza kufuatwa alikuwa Maganga wa Msanzi, aliyekuwa ameeleza njia ambayo wezi walipitisha ng'ombe. Watu wanne wenye mapanga walimkuta asubuhi zizini akikamua. Mmoja alimsomea taarifa yake kwenye simu, neno kwa neno, kisha akamkata. Maganga alikinga kwa mkono wa kushoto, panga likazama mpaka mfupani. Alipoanguka, walimkanyaga kichwa kwenye samadi.

Mkewe, Minza, alitoka jikoni na mchi wa kutwangia. Alimpiga wa kwanza usoni, taya likavunjika. Wa pili akavunjwa goti. Alipigwa ubapa wa panga mgongoni na bado hakuuachia mchi. Majirani walipofika mbio, wezi wawili walitoroka. Waliobaki chini walianza kupigwa mawe, na wangekufa pale kama Minza asingesimama juu yao.

"Msiwaue," alisema. "Nataka waseme nani aliwapa jina la mume wangu."

Walisema hakuna aliyewapa. Jina lilikuwa kwenye tovuti, kila mtu analiona.

Kesho yake Minza aliingia ofisini Sumbawanga na mchi wake, gauni lina damu iliyokauka. Hakusalimia. Aliuliza nani anaendesha tovuti ya ng'ombe, na Timoth, akidhani ni mteja, akasema ni yeye. Mchi ukamshukia begani. Pigo lililofuata lilipasua kioo cha kompyuta, na jingine likampasua paji la uso, akaanguka katikati ya nyaya. Epifania, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka Mollo, alimkumbatia Minza kwa nyuma. Akapigwa kiwiko kinywani, jino likang'oka. Hakumwachia.

"Niache niyafiche majina kwanza, dada," alisema huku akitema damu. "Kuna wengine humo. Nao wakifuatwa, huo mchi hautawaokoa wote."

Minza akalegea. Epifania aliizima tovuti, akaanza kuwapigia simu waliotajwa, mmoja baada ya mwingine, akiwaambia wasilale nyumbani. Timoth, ameketi sakafuni na kitambaa kichwani, alieleza alichofanya.

Hospitalini, Maganga alikatwa mkono. Epifania alimwamkia shikamoo, akamweleza yote bila kuficha. Maganga akauliza kama majina ya wengine yamefichwa.

"Yamefichwa, baba."

"Basi langu liache. Wameshalijua."

Mahakamani Maganga alisimama na kuwaonyesha wale wawili waliokamatwa, nao wakafungwa. Waliotoroka walisemekana wamevuka mpaka wa nchi. Hawajapatikana mpaka leo. Timoth aliondoka Sumbawanga kabla jeraha halijapona. Epifania anafanya kazi peke yake sasa. Plagini zake zote hukaa nje ya mfumo, kwenye folda ambayo toleo jipya haliigusi, na nakala zake zimehifadhiwa kwingine.

Minza akija mjini kuuza maziwa humpitia ofisini. Hawaizungumzii siku ile. Hunywa chai, huulizana habari za mvua na ng'ombe, kisha Minza hubeba ndoo zake na kwenda zake.