Baridi Ilikuwa Zamu ya Arvi

Kwa Irja Kemppainen kazi ziligawanywa zamani. Kiangazi, kile kigari chao cha foo-wili kiliendeshwa na yeyote aliyetaka kwenda kuchuma matunda msituni. Theluji ikianguka, usukani ulikuwa wa Arvi mumewe, na Irja akawa abiria mwenye maoni. Hayakuwa machache.

Arvi alikuwa na tabia ya kulisemesha gari. "Taratibu... breki iguse tu, usiikanyage... tazama njia, usitazame mti..."

"Unamwambia nani, bwana? Gari halina masikio."

"Na aliye nayo hasikii."

Ndoa nzima ilikwenda hivyo. Kisha masika Arvi akaenda kupasua kuni, moyo ukamgomea, na hakurudi ndani.

Sasa ilikuwa mkesha wa Krismasi, siku ambayo kila mtu hupeleka mshumaa kaburini kwa wake, hadi makaburi yote yanawaka kama mji. Kaburi lenye giza siku hiyo ni kama nyumba iliyohamwa: wapita njia hulitazama, kisha hutazamana. Irja aliapa Arvi wake hatatazamwa hivyo. Lakini basi halipiti siku hiyo, na mwanawe Jarmo yuko mbali, mjini Tampere, hodari wa kutoa ushauri kwa simu.

"Mama, washa mshumaa dirishani. Baba ataelewa."

"Baba yako hakuwahi kuelewa kitu bila kuambiwa mara tatu."

"Theluji imeanguka usiku kucha, mama!"

"Imeanguka kwangu, si kwako. Kula uji wako."

Alikuwa amechomeka waya wa umeme wa kupasha injini joto, kutoka nguzo ya uani hadi puani mwa gari, kama Arvi alivyofanya kila kukicha. Akaifagia theluji kwenye paa, vioo na taa. Jirani yake Taisto, aliyekuwa akipakia mizigo aende kwa bintiye, akasimama kutazama sinema.

"Jirani, unaenda wapi na hicho kibweta?"

"Kwa mume wangu."

"Ukikimbia utafika kwake mapema kuliko ulivyopanga."

"Lina foo-wili, Taisto."

"Foo-wili ya kuondokea. Ya kusimamia haijatengenezwa. Mlimani shuka na gia ndogo, na aliye mbele yako mwachie nafasi ya kuzikwa peke yake."

Irja akacheka, akaingia, akaondoka kabla woga haujavaa viatu. Gari lilishtuka kidogo pale uani. Akadhani ni tuta la theluji.

Greda la kusukuma theluji halikuwa limepita. Barabara ilikuwa shuka moja jeupe, misonobari imesimama huku na huku kama watu waliokuja kushuhudia. Hakuna gari, hakuna mbwa. Kiti cha abiria kilikuwa na mshumaa peke yake, na kwa mara ya kwanza Irja aliona jinsi kiti kile kilivyo kimya.

Kwenye mteremko wa kuingia darajani akasahau gia, akakanyaga breki. Nyuma ya gari ikaamua kwenda mbele. Msonobari mmoja mnene ukaanza kukua kiooni, naye akaukodolea macho.

"Tazama njia, usitazame mti!"

Sauti ilikuwa yake mwenyewe. Akainua mguu kwenye breki, akatafuta daraja kwa macho, mikono ikafuata macho, gari likafuata mikono, likinung'unika. Alivuka daraja mwendo wa konokono. "Taratibu," aliliambia gari. "Iguse tu." Akaendelea kulisemesha hadi kanisani.

Alipolizunguka gari akauona. Puani mwake ulining'inia waya wa umeme, mrefu, umekokotwa tumboni njia nzima, plagi yake ya nguzoni imevaa theluji kama soksi.

Kosa hilo lilikuwa la Arvi. Mwaka mmoja alifika nao dukani hivyo hivyo, na tangu siku ile kila mgeni alipopewa kahawa Irja alimwambia, "Mwulize Arvi alivyompeleka mbwa wake wa umeme matembezi." Arvi alikunja uso, akameza kahawa, akangoja siku yake.

Irja alicheka hadi machozi yakaanza kuganda. Akageuka amwonyeshe mtu. Familia zilipita na mishumaa yao, zikainamisha vichwa kwa heshima, zikaenda.

Akauchomoa waya, akauviringa, akautia kwapani. Kwenye kaburi alifukua theluji kwa mikono, akawasha mshumaa, akaukinga upepo hadi ukashika. Kisha akauweka ule waya kando yake.

"Haya, Arvi," akasema. "Nimemleta mbwa wako. Leo zamu yako."

Akasimama pale, akampa nafasi ya kusema.