Rapa Bora wa Nyakati Zote, Mlangoni Kwangu

Nawaeleza na ninyi, maana Kamembe nzima imeshanicheka. Vita vya Kongo vilipofunga mpaka wetu na Bukavu, betri zikawa adimu. Mimi fundi cherehani nilianika zangu za zamani juani, zikapata nguvu kidogo, nikazirudisha redioni na kuweka kaseti isiyo na jina ambayo sikuwahi kuisikiliza.

Ikatoka sauti nzito, ya polepole, kama ukungu unaoteleza juu ya ziwa kule Nkanka. Mguu wangu ukalegea kwenye pedali. Shati la siku moja nililishona siku tatu, nikielea tu.

Nikachukua chaki ya kukatia nguo, nikaandika mlangoni marapa watano bora wa nyakati zote. Wa kwanza, yule wa kaseti, nilimtungia jina: Mzee Ukungu. Wa tano alikuwa kijana wa Bukavu mwenye sauti ya kifaranga na maneno ya mbio, niliyemsikia dukani kwa jirani. Nilimweka ili orodha ijae. Waliobisha niliwahubiria: "Huyo wa tano anakimbizwa na nani? Mzee Ukungu anafikiri kwanza."

Mpaka ulipofunguliwa, Maman Furaha, mfanyabiashara wa Bukavu aliyeniuzia ile kaseti, alivuka na betri mpya. Nikamkalisha mbele ya wateja, nikatia zile betri mpya, nikabonyeza kaseti ileile ili amsikie bingwa.

Redioni kikalia kifaranga.

Maman Furaha alisikiliza wimbo mzima, kisha akautazama mlango.

"Papa Idi, uyu njo ule wako wa tano," akasema taratibu. "Mwenye uliweka wa kwanza ni betri ya kuchoka."