Isale Ndani ya Shada

Ilianza Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, jikoni kwetu Lemara. Nilikuwa nimeshavaa sare. Shule ilinichagua nimkabidhi mbunge wetu shada la maua kwenye ukumbi mmoja kule Themi, siku anapewa tuzo ya kulinda misitu na wanyama. Mwalimu alisema, "Huyu haongei, hatatuharibia."

Bibi, aliyeshuka kutoka mlimani jana yake, akatoa isale kwenye kikapu, jani refu la kijani, akalichomeka katikati ya waridi.

"Bibi, nitachekwa."

"Akucheke nani? Yule mama mbunge amezaliwa kwetu kule juu. Akiliona atajua tunaomba msamaha. Na ukishapokea isale huwezi kukataa."

Msamaha wa baba mdogo. Alikamatwa msituni na msumeno, yuko mahabusu, Jumatatu anapelekwa mahakamani. Bibi alitaka mheshimiwa amsemee kwa watu wa misitu. Mti alikata kweli. Sitaki kuandika kama hakukata.

Nilipanda jukwaani, nikamnyooshea mheshimiwa shada.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Akanyoosha mikono, halafu ikasimama hewani. Ameliona. Akainama kama anayenibusu. "Nani kwenu?"

"Baba mdogo. Alikata mti."

Akalichomoa lile jani taratibu, kama mtu anayetoa mwiba, akaliweka kiganjani mwangu, ndipo akachukua maua. "Hili siwezi kulipokea. Mwambie aliyekutuma nimeliona."

Ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi. Nilishuka nimelificha kwenye mkono wa sweta.

Nyumbani, Bibi alikuwa bado amevaa viatu vyake vya kanisani, tayari kwenda kumchukua mwanawe. Nikamwonyesha jani.

"Hata kulishika?"

"Alilishika, Bibi. Kunirudishia."

Akavua viatu, kimoja, kingine. "Angekuwa mgeni," alisema, "angelipokea."

Hakula. Mama naye alizima redio, basi.

Kesho yake Bibi hakuamka kwenda ibadani. Nikabeba chupa ya chai na maandazi, nikaenda kituo cha polisi peke yangu. Baba mdogo akaja, ndevu zimemjaa, akajitahidi kutania:

"Ehee, mrembo wa jukwaani! Mheshimiwa kasemaje?"

Siku zote huwa nasubiri mtu mwingine ajibu. Nilimmiminia chai. Nikangoja anywe, mpaka akarudisha kikombe.

"Amekataa, baba mdogo."