Farasi Tulimwacha na Baba Zake

Siwachukii farasi. Naanza hivyo kwa sababu binti yangu anasema nikisimulia habari hii watu watadhani nina ugomvi na wanyama. Ugomvi wangu ni na ukuta mmoja wa maktaba hapa London, na hasira zenyewe hazijaisha.

Baba yangu alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye shamba la mlowezi huko nyanda za juu za Kenya, enzi za ukoloni. Leo ni mzee, tunakaa naye Walthamstow, chumba cha nyuma, hita haizimwi. Ujana wake wote aliumaliza na farasi mmoja dume, wa kahawia, ambaye mlowezi huyo alikuwa akimtangaza gazetini kila msimu. Wazungu wa mashamba mengine waliotaka mbegu yake waliagiza aletwe. Si kwa lori. Kwa miguu, baba mbele ameshika kamba, shamba hadi shamba. Wakifika, farasi anapewa shayiri na banda safi, baba anatafuta pa kujiegesha. Njiani askari walimsimamisha wakitaka kipande, kile kitambulisho cha lazima kwa Mwafrika. Farasi hakuulizwa kipande hata siku moja!

Na kazi yenyewe haikuwa mchezo. Dume akishanusa jike, anasema baba, hamjui tena aliyemlisha asubuhi. Unamshika hivyo hivyo anavyoruka, unamwongoza, unachunga jike asirushe teke, unachunga na fuvu lako. Wazungu wako nje ya uzio na vikombe vyao vya chai. Ukikosea, farasi akiumia, usirudi. Kazi hiyo ina jina lake: kupandisha. "Mimi nilikuwa napandisha farasi," hivyo ndivyo baba anavyojitambulisha kwa watu, kifua mbele, mpaka kanisani.

Sasa, pale maktaba wakaja watu wa maonyesho ya picha za mashamba ya koloni, wakitafuta wazee walioyaona. Baba alifurahi mpaka akanyoa ndevu siku mbili mfululizo. Siku ya mahojiano mimi nilikuwa na shifti, nikamtuma binti yangu akamtafsirie. Amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na Kiswahili chake ni cha jikoni: njoo ule, funga mlango, acha simu. Nikaona kitatosha.

Siku ya ufunguzi baba alivaa suti aliyoivaa kwenye harusi yangu, na kofia. Tukaingia. Ukutani wamelikuza tangazo la zamani la gazeti, la farasi dume, likawa kubwa kama mlango. Jina la farasi, jina la baba yake, la babu yake, la mama yake na baba wa mama yake, rangi, kimo, hata tabia zake: mpole. Mpole! Baba ana kovu begani la huyo mpole.

Pembeni ndiyo picha ya baba, waliyompiga siku ile ya mahojiano. Hakuna jina. Chini wameandika kwamba mzee huyu alikuwa akiwasaidia watoto wa walowezi kupanda farasi.

"Wameandikaje?" baba akaniuliza, anatabasamu.

Nilitamani kumdanganya. Sikuweza, nikamsomea. Tabasamu likaondoka.

"Mimi? Nilikuwa napakia watoto?"

Nikamgeukia binti yangu. "Wewe! Uliwaambia nini hawa?"

"Babu alisema kupandisha," akajitetea, kwa Kiingereza kama kawaida. "Kupanda ni kupanda, kupandisha ni kumfanya mtu apande. Nimekosea wapi?"

Na kwa sarufi hakukosea, ndilo lililoniudhi zaidi. Ikabidi nimweleze pale pale, katikati ya watu na vikombe vya juisi, kupandisha kwa mifugo ni nini. Akajishika mdomo. "Mum!" Kisha akalitazama tangazo, akamtazama babu yake, nikaona imemwingia.

Baba akasema neno moja tu. "Warekebishe." Mzee hakuwahi kuandikwa popote, jamani. Hata gazetini, farasi alipotangazwa miaka yote ile, mshika kamba hakutajwa. Hii ndiyo mara yake ya kwanza, na kwa umri huo huenda ikawa na ya mwisho.

Nikamfuata msichana mwenye kitambulisho shingoni, msimamizi wao. Nikamweleza kwa upole, Mungu ni shahidi yangu, kwa upole. Akakohoa. Akasema ni habari nzuri sana, inagusa sana, ila shule zitaleta watoto wadogo, na jambo lenyewe, unajua, la dume na jike... Labda tubaki na hayo ya watoto kupanda farasi, yanapendeza.

Moto ukaniwaka. "Lile tangazo je? Unafikiri pale wanatangaza nini, aiskrimu?"

"Lile ni hati ya kihistoria," akasema.

"Na baba yangu ni nini?"

Alinipa ile sura ya kusikitika wanayokupa hapa wakishaamua kutofanya kitu. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Ya mwenye farasi hawakutuambia. Niliogopa nikifungua mdomo nitatukana.

"Anasema nini?" baba akauliza.

Binti yangu ndiye aliyemjibu, kwa Kiswahili, mbele ya watu, neno kwa neno kama anayetembea kwenye barafu. "Babu, anasema... farasi, watoto wanaweza kumsoma. Wewe, hapana."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena.

"Mwambie kama hawataki kuandika nilipandisha," akasema, "basi wanishushe."

Msimamizi aliuliza mzee amesema nini. Binti yangu hakumtafsiria. Alikwenda ukutani, akaiondoa picha ya babu yake kwenye misumari, akaikumbatia, akamshika babu mkono. Yule msichana alikuwa bado anasema tafadhali, tafadhali, tulipofika mlangoni. Farasi tulimwacha pale pale ukutani, na baba zake wote.